Dharura Zenye Tarehe

Mama Wawili wa Mbagala, barua yako imefika, pamoja na ile picha ya karatasi ya bajeti. Unisamehe, nimeikalia karatasi kuliko barua. Watu wengi huniandikia jambo moja, na hesabu zao zikasema jingine.

Nirudie ulichosema, nikipotoka utanirudisha. Wewe umeajiriwa, na mshahara unaoingia mkononi ni shilingi 640,000. Baba watoto ni fundi wa madirisha ya aluminiamu: akipata kazi anapata ya maana, akikosa anaweza kumaliza wiki tatu kijiweni anapiga soga. Watoto wako shule ya msingi ya kulipia. Tangu mwaka jana unaandika bajeti kila mshahara unapotoka, na kila mwezi ikifika tarehe 15 imeshavunjika. Yeye anakuita karani wa mahakama. Wewe unasema hana nidhamu ya pesa. Katikati ya malalamiko umechomeka mstari mmoja, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza, kwamba kwa dada yako Kigamboni kuna 380,000 ambazo mumeo hazijui. Halafu ndiyo swali lako: nifanye nini mume wangu aheshimu bajeti?

Mdogo wangu, kwa nini aiheshimu? Umeandika mwenyewe kwamba ulisubiri alale, ukapiga hesabu, asubuhi ukaibandika kwenye friji. Mtu mzima ameamka anakwenda kunywa maji, anakutana na hukumu. Hata mimi ningegoma, na mimi napenda sana hesabu.

Lakini tuache hilo kwanza, maana kuna kubwa zaidi. Hata angeiheshimu, isingefika mwisho wa mwezi. Umeweka chakula 10,000 kwa siku, yaani 300,000. Nauli yako 70,000, LUKU na maji 45,000, gesi 25,000, sabuni na mafuta na vocha 50,000, ya watoto kutwa shuleni 30,000. Jumla 520,000. Zinabaki 120,000, ukaandika AKIBA kwa herufi kubwa na kupigia mstari. Nimefurahi nawe kwa dakika moja. Kisha nikageuza karatasi.

Nyuma umeandika "Dharura zilizotuvuruga ndani ya mwaka". Kodi ya nyumba ya miezi sita, Machi na tena Septemba. Ada, awamu nne. Nguo za Idi. Sare na madaftari ya Januari. Safari ya Desemba kwenda Lushoto kwa wakwe. Nikajiuliza, hii Januari ilikuvizia wapi? Shule zinafunguliwa Januari tangu wewe mwenyewe una matege. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anayetaka miezi sita kwa mkupuo hajabadilika tabia. Idi kweli inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, lakini haijawahi kumshtukiza mtu mwenye kalenda ukutani. Dharura ni mtoto kupandisha homa saa nane usiku. Dharura ni fundi kudondoka kwenye ngazi. Haya mengine yote yana tarehe, na tarehe unazijua. Hayamo tu upande wa mbele wa karatasi.

Basi nimeyaleta mbele, na naomba uyaangalie umekaa. Kodi ni 130,000 kwa mwezi, kwa mwaka 1,560,000. Ada ya watoto wote wawili 1,200,000. Idi 200,000, sare na madaftari 180,000, Lushoto 300,000. Hiyo ni 3,440,000. Gawanya kwa miezi 12, unapata kama 287,000 kila mwezi. Maana yake ni kwamba zile 120,000 ulizoziita akiba zilikuwa tayari zimeshakwenda, na bado kulikuwa na 167,000 zinazotafutwa. Hukuvunja bajeti tarehe 15. Uliandika bajeti ya mwezi ambao haujawahi kutokea Mbagala, mwezi usio na mwenye nyumba, usio na shule, usio na Idi.

Nasema hivi ili upumue. Kwa miezi yote hiyo umejiona mzembe, na mumeo umemwona mzembe zaidi, kumbe mlikuwa mnashindana na hesabu isiyowezekana. Chunga tu usikimbilie kupunguza nyama na vocha, kama ulivyopendekeza. Ukila dagaa mwezi mzima utaokoa labda elfu thelathini na kupata mume mwenye hasira. Pengo lako haliko jikoni.

Sasa turudi kwa baba watoto. Umeandika kwa uchungu: "Yeye hutoa anapojisikia." Nikatafuta kwenye karatasi mstari wenye jina lake, sikuuona. Hesabu yote inaanza na mshahara wako na kuishia kwenye mshahara wako. Hakuna mahali ulipomwambia, hiki ni chako. Mtu asiye na fungu atatoa anapojisikia, atatoa lini kwingine? Akija Jumamosi na laki moja, inapokelewa kwa bashasha, inakuwa kuku, inakuwa viatu vya mtoto, inakuwa dumu la mafuta. Jumatatu haina hata harufu, naye akilini mwake amehudumia nyumba, na wewe akilini mwako hajatoa kitu. Wote mnasema kweli.

Pendekezo langu ni hili, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mshahara wako huja kila mwezi kwa tarehe inayojulikana, basi ubebe mambo yanayokuja kila siku: chakula, nauli, umeme, gesi. Pesa ya fundi huja kwa mafungu, basi ibebe mambo ya mafungu: kodi na ada. Kwa mwaka hiyo ni 2,760,000, wastani wa 230,000 kwa mwezi. Si lazima ailete kila mwezi. Akimaliza nyumba ya vyumba vinne akalipwa vizuri, alipe ada ya awamu mbili siku hiyohiyo, kisha akikaa wiki tatu bila kazi usimtazame kwa jicho lile. Ameshalipa. Kijiweni akae kwa amani.

Hapo kuna mtego mmoja wa mafundi ambao lazima muuongee. Mteja wa madirisha hutoa malipo ya awali, ya kununulia fremu, vioo, raba, vitasa, silikoni. Tuseme ametoa laki tisa. Ya fundi mwenyewe humo huenda isizidi laki mbili, na hata hiyo hajaifanyia kazi bado. Lakini laki tisa ikilala kwenye simu, ndani ya nyumba inayodaiwa ada, inaonekana laki tisa kamili. Ikimegwa, vioo vya mteja wa kwanza vitanunuliwa kwa pesa ya mteja wa pili, vya wa pili kwa pesa ya wa tatu, na hapo ndipo simu za mafundi huanza kuzimwa. Umesema mwezi Agosti alizima simu siku mbili mkagombana, ukidhani ana mwanamke. Habari za mwanamke mimi sizijui. Ila umeandika pia kwamba wiki ileile mlikuwa mmetoka kulipa awamu ya tatu ya ada. Ningekuwa wewe, ningeanza kumtafuta huyo mwanamke kwenye duka la vioo.

Kwa hiyo mkubaliane: pesa ya vioo si pesa ya nyumba. Iwe kwenye laini nyingine, au ilipwe dukani siku ileile inapoingia. Na wewe ukiona salio kubwa usiulize "hatuwezi kuchukua kidogo?" Najua umewahi kuuliza.

Umenikumbusha, kwa herufi nzito, kwamba mshahara wa mke ni wake na mume ndiye mwenye wajibu wa kulisha. Ni kweli. Dini yako inasema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mume wajibu wa kumpa mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, wala ndoa haigeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwenzake. Ukitaka kusimama hapo, simama, sheria iko nyuma yako. Lakini wewe huishi hivyo. Karatasi yako inaonyesha mwanamke ambaye tayari anahudumia nyumba kwa mshahara wake wote, kisha anakasirika usiku kwa sababu hakuna aliyemshukuru. Ama uamue kwa hiari kwamba unachangia, useme kwa sauti, "ninachangia hiki," nacho kijulikane ni mchango wako, ama usichangie. Kutoa kimyakimya huku ukihesabu kunauma pande zote.

Na zile 380,000 za Kigamboni? Sikulaumu. Mwanamke aliyeona mama yake akibaki mikono mitupu hahitaji kufundishwa kuficha. Lakini wewe hukuniambia kwamba mumeo ni mtu wa kunyang'anya au kupiga, umesema tu "akizijua atazitumia". Jihoji: unaogopa atazitumia, au unaogopa akizijua ataacha kuhangaika? Ni hofu mbili tofauti, na zote zina dawa moja, nayo ni kuipa pesa kazi kabla ya kuitaja. Usimwambie "nina laki tatu na themanini". Mwambie "kodi ya Machi ni 780,000, mimi nimeshaweka 380,000, bado 400,000". Hapo hazina mwanya wa kutumika, zimeshakuwa nusu ya nyumba. Na kama anataka kuona zilipo, dada yako asiwe benki. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS upo tangu 2013, pesa inaongezeka taratibu, na ukiitaka unaipata ndani ya siku chache za kazi. Zile siku chache ni baraka, maana hamu ya sofa huwa haingoji muda wote huo.

Kwa upande wako sasa. Ukimwachia fundi kodi na ada, zile 120,000 zinabaki na kazi ya Idi, sare na Lushoto, ambayo ni kama 57,000 kwa mwezi. Umesema unataka kujiunga na kikoba cha kazini. Jiunge, lakini uliza kwanza kinavunjwa lini. Kinachovunjwa katikati ya Desemba kitakununulia madaftari. Kinachovunjwa Februari kitakununulia kitu kingine, na sote tunajua si madaftari.

Zimebaki 63,000, na hapa ndipo nitakuudhi. Mwezi uliopita umetoa michango 145,000. Harusi mbili, send-off moja, na kitchen party yenye sare ya kitambaa cha 45,000 ambacho umekiri utakivaa siku moja. Hakuna hata senti moja ya hiyo mbele ya karatasi wala nyuma. Umeificha hata kwako mwenyewe, wakati ile ya Kigamboni angalau mimi umeniambia.

Sikwambii uache kuchangia. Watu wa mijini wanaandika sana siku hizi kwamba michango ni ujinga, na mimi siamini hivyo. Baba yako alipofariki, umeandika, waliolipa sanda na turubai na sufuria za hitma ni haohao wa kwenye makundi ya WhatsApp. Hiyo ndiyo bima mliyo nayo, nayo hulipiwa kwa kuwa mtu wa watu. Ila angalia ni nani alikuja msibani na ni nani anakuletea kadi tu. Ukiwapanga hivyo, orodha inapungua yenyewe bila dhambi. Tenga 30,000 za michango kwa mwezi, ikiisha imeisha, mwenye kadi wa tarehe 20 anaambiwa mwezi ujao. Tenga 20,000 nyingine za msiba na ugonjwa, na hizi zisichanganywe na harusi, kwa sababu harusi ina kamati inayopiga simu, msiba hauna, na siku zote anayepiga simu hushinda. Zile 13,000 zilizobaki ni zako. Za saluni, za chipsi, za chochote. Usimwambie mtu. Na yeye awe na zake za kahawa na kibanda umiza, hata za mkeka wa mechi akipenda kupoteza, mradi zina kiwango mlichokubaliana. Nyumba ambayo kila mia inaulizwa hufundisha watu kudanganya.

Kuhusu mikopo ya simu, umeshaimaliza, alhamdulillah, nisikupigie kelele. Ila jua ulichokuwa unafanya. Ukitumia Songesha kukamilisha muamala, pesa yoyote inayoingia kwenye laini inakatwa kwanza, kwa hiyo mshahara wa mwezi ujao unaanza ukiwa umeliwa. Na ile programu iliyowatumia wakwe zako meseji kwamba unadaiwa, kabla ya kufungua nyingine ya namna hiyo angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Anayekukopesha kwa dakika mbili na kuomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako ameshakuambia atakudai vipi.

Umeuliza pia kwa nini LUKU ya tarehe moja inatoa uniti chache. Pamoja na kodi na tozo za kawaida, humo hukatwa kodi ya jengo, ambayo tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Kwa mwaka ni 18,000. Hifadhi meseji za LUKU, umwonyeshe Machi mkikaa kuandikishana kodi.

Sasa jambo gumu. Huenda mkikaa mkagundua kwamba fundi, kwa kazi alizonazo kwa kweli, hawezi kufikisha 2,760,000 kwa mwaka. Mkifika hapo, msiongeze matumaini kwenye karatasi ili hesabu ikubali. Kuna mambo mawili tu makubwa ya kuchagua: nyumba na shule. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Michango, sare na madaftari vinabaki, lakini ile 1,200,000 inaondoka. Sikwambii uwahamishe. Nakuambia ujiulize kwa ukweli kama uliwapeleka kule kwa sababu ya mwalimu unayemwamini, au kwa sababu ya lile basi la njano linalowashusha mbele ya majirani. Ikiwa ni mwalimu, wabaki, mhamie chumba na sebule mahali pa bei nafuu, na mjue ni ninyi mliochagua. Nyumba ikiwa ndogo kwa kuchagua hailalamikiwi sana.

Namna ya kuanza mazungumzo. Usianze usiku, usianze siku ambayo hana kazi, na ile karatasi ya kwenye friji itoe leo. Subiri siku ameleta pesa na roho yake ni nyeupe. Mpe kalenda, si daftari, na kalamu ashike yeye. Muulize tu: mwaka huu ni siku gani tunajua kabisa tutatakiwa kulipa pesa nyingi? Mwache aandike. Fundi anajua kupima. Akiona Januari 300,000 ya ada na Machi 400,000 ya kodi kwenye karatasi moja, atakuwa wa kwanza kusema laki saba hizi zinatoka wapi. Wewe unyamaze hapo, hata kama jibu unalo. Na asipotaka kukaa siku ya kwanza, usisuse. Weka kalenda ukutani yenye tarehe mbili tu, ya ada na ya kodi.

Mwisho, kadi ya mdogo wake mume, harusi ya Novemba. Umesema wifi yako anataka mchukue double ya 100,000 na sare juu. Huyo ni wa upande wake, kwa hiyo aseme yeye, wewe usibebe lawama ya ukoo usio wako. Na asiseme "tutaangalia", kwa sababu kamati ikisikia hivyo inaandika ahadi. Aseme hivi, kwa simu, wiki hii: "Dada, sisi tunachukua single, elfu hamsini. Nimeshatuma 25,000, nyingine naleta Novemba tarehe 5. Mke wangu atavaa kitenge alichonacho." Wifi akikata simu kwa hasira, wewe nenda kapike. Atapiga tena kuuliza kama mtakuja na watoto.